Mwosha Aliyekimbia

Maftaha alikuwa uani anachekecha unga aliposikia muungurumo wa pikipiki ya Nurdin, na moyo wake, wenye tabia mbaya ya kumtangulia mlangoni, ukamtangulia. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Akajilaumu kwa nini asubuhi hii hakuchana nywele, kwa nini amevaa gauni hili lililopauka, kwa nini mwanamume huyu haji siku ambayo mtu amejiandaa.

Kisha akamwona, na mambo ya nywele yakaisha palepale. Nurdin alikuwa amevaa kanzu siku isiyokuwa Ijumaa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi?" Maftaha aliuliza.

"Bibi ametutoka. Alisali alfajiri, akasema ajinyooshe kidogo. Mama alipompelekea uji..."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Walisimama wakitazamana, katikati yao chekeche na sinia la unga. Maftaha alitamani kuushika mkono wake. Hakuushika, maana hawakuwa na haki hiyo bado, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani kwa kina Nurdin, huenda wasingeipata kamwe. Mtu pekee aliyekuwa upande wao katika nyumba ile alikuwa ni huyo bibi. Bibi alimwita Nurdin mume wangu, akamwita Maftaha mke mwenzangu, na kila walipokutana alimwambia, "Mke mwenzangu, fanya haraka uje unipokee zamu, mume huyu anakula sana!" Sasa bibi hayupo.

"Mama kanituma nimchukue Bi Sauda aje amwoshe," Nurdin alisema.

Sauti ikatoka chumbani kabla Maftaha hajajibu. Bi Sauda, shangazi yake, alikuwa mgonjwa wa mguu, si wa masikio.

"Nimesikia, mwanangu, poleni sana. Lakini Bi Sauda gani huyo wa kuchukuliwa? Tangu nilipoteleza kisimani hata chooni napelekwa kwa kushikwa. Na mwenzangu yuko Lindi, mwanawe kajifungua." Akakohoa. "Atakwenda Maftaha."

Chekeche likaanguka chini.

Kama wewe si mtu wa Pande, itabidi uelezwe kwa nini lilianguka, maana watu wa Pande wote wanajua, na wengine bado wanacheka. Bi Sauda ndiye mwosha wa wanawake wa upande ule. Alipoona umri unamwelemea alitafuta wa kumrithisha kazi, akawaacha wanawe wenye maneno mengi akamchagua mpwa wake, binti ambaye hata hajaolewa, kwa sababu moja tu: Maftaha hana mdomo. Mwosha huona mengi. Huona makovu, huona maradhi yaliyofichwa, huona siri za mwili ambazo hata mume hakuzijua, na anachokiona nyuma ya pazia hukiacha nyuma ya pazia.

Maftaha alianza kwa kumwaga maji, akajifunza kukunja sanda, akajifunza udhu wa marehemu. Siku alipoachiwa kushika kitambaa mwenyewe ilikuwa ni kwa mke wa Mzee Mudathiri. Akambonyeza tumbo taratibu kama alivyofundishwa, na koo la yule mama likatoa sauti. Aah, ndefu, ya mtu anayeamshwa amechoka. Maftaha hakufikiri. Alitoka nje ya pazia mikono ikimchuruzika povu, akipiga kelele mbele ya msiba mzima, "Yu hai! Jamani, yu hai!"

Mzee Mudathiri aliinuka kwenye mkeka kwa wepesi wa kijana, kofia ikamdondoka, akakimbilia ndani huku anacheka na kulia. Hakukaa sana. Na uso aliotoka nao ndio ulioharibu usingizi wa Maftaha tangu siku hiyo. Si ile sauti. Ni ule uso wa mzee aliyefiwa na mke mara mbili asubuhi moja, na mara ya pili ilikuwa kazi ya Maftaha.

Hakuingia tena nyuma ya pazia. Akipita njiani wapo waliomwita Yu Hai. Na mama yake Nurdin, aliyekuwa akitafuta sababu ya kumkataa, akaipata.

"Shangazi, siwezi," Maftaha alisema akiwa ameingia chumbani na kushika mguu wa kitanda.

"Sikukuuliza kama unaweza."

"Nitakimbia tena."

"Utakimbilia wapi? Kule hujui vichochoro." Bi Sauda akacheka peke yake, kisha akaacha. "Njoo hapa. Nimekueleza mara ngapi? Pumzi hubaki kifuani. Ukibonyeza tumbo inatafuta njia ya kutokea. Haina maana nyingine."

"Najua. Kichwa kinajua. Miguu ndiyo haijui."

Bi Sauda aliitazama mikono ya mpwa wake iliyong'ang'ania kitanda. "Msalimie kwanza," alisema. "Mwite jina, mpe shikamoo yake, mwambie unachotaka kumfanyia. Mtu uliyemwamkia huwezi kumkimbia katikati ya mazungumzo, ni utovu wa adabu. Haya, chukua kikapu. Maiti haisubiri miguu yako."

Njiani Maftaha alikaa nyuma ya pikipiki na kikapu mapajani, ameshika chuma cha nyuma badala ya kiuno cha mtu anayempenda. Mikorosho ikapita kushoto, ikapita kulia. Ndani ya kikapu kulikuwa na pamba, karafuu maiti, majani ya mkunazi yaliyotwangwa na vitambaa vyeupe, na kila pikipiki iliporuka shimo harufu ya karafuu maiti ilimpanda puani.

Nurdin akapunguza mwendo. "Maftaha, ukisema huwezi, nageuza sasa hivi."

"Utamwambia nini mama?"

"Nitamwambia sikuwakuta."

"Na bibi ataoshwa na nani?"

Wakaenda kidogo.

"Nurdin, naogopa."

"Unamwogopa bibi?"

"Simwogopi bibi. Najiogopa mimi." Machozi yalianza kumtoka, akamshukuru Mungu kwamba Nurdin yupo mbele hamwoni. "Mama yako amekwisha peleka neno kijijini Mitole, kwa yule msichana anayetaka umwoe. Usinikatalie, nimeambiwa. Nikikosea leo, kwa mama yake mzazi, mbele ya watu, unadhani kuna mtu atanitajia tena jina lako?"

"Mimi nitalitaja."

"Wewe utaoa Mitole, Nurdin. Utalia kidogo, kisha utaoa. Mama ni mama."

Pikipiki ikasimama. Nurdin akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Maftaha akauona uso wake kwa karibu, vumbi limeganda pale machozi yalipopita.

"Nisikilize. Leo nimempoteza mmoja. Usiniage na wewe siku hiyohiyo."

Alimtazama mpaka Maftaha akainamisha macho. Kisha akawasha pikipiki, na Maftaha, ambaye alikuwa mtu wa kujizuia siku zote, akaushika upindo wa kanzu yake kwa vidole viwili na hakuuachia mpaka walipoona watu wamejaa mbele ya nyumba.

Mama Nurdin alikuwa mlangoni, kanga kichwani. Macho yake yalimpita Maftaha yakatafuta nyuma yake.

"Sauda yuko wapi?"

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba. Shangazi hawezi kutembea, amenituma mimi."

Shikamoo ile haikuitikiwa. "Amekutuma wewe." Mama Nurdin alimgeukia mwanawe. "Nimekutuma mwosha, unaniletea huyu? Aje amtangaze mama yangu kuwa mzima kama alivyomtangaza mke wa Mudathiri? Na mjomba wako aliye na shinikizo la damu akimbie aangukie ndani?"

"Mama..."

"Usiniite mama. Binti hajaolewa, hana hata mtoto, anashika maiti! Nilisema mkono huo hautanipakulia wali, leo ndio umguse mama yangu?"

Wanawake waliokaa ukumbini wakanyamaza, kunyamaza kule kwa watu wanaosikiliza kwa bidii. Mama Pazi, jirani, mwanamke mwema mwenye mdomo usiopumzika, akamnong'oneza mwenzake jambo, na mwenzake akaziba mdomo kwa kanga.

Angeweza kuondoka. Alikuwa amefukuzwa kwa heshima zote, hakuna ambaye angemlaumu, na sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inashangilia kabisa.

Mjomba Shamte, kaka yake Mama Nurdin, akaja akiburuta ndara. "Dada, kaburi limekwisha chimbwa. Tunazika baada ya Adhuhuri. Kama una mwosha mwingine mtaje."

Mama Nurdin hakuwa naye. Akasimama pale akiuma mdomo wa chini.

"Basi nitaingia naye mwenyewe," alisema mwishowe. "Mimi nitamwaga maji. Na nitamtazama kila anachogusa. Akifanya upuuzi wake, wallahi nitamtoa mle ndani kwa mkono wangu."

Pazia lilikuwa ni mashuka mawili yaliyofungwa kwenye kona ya ua wa nyuma. Kitanda cha kamba, chini yake shimo la kupokea maji, ndoo zimepangwa. Nje ya pazia Mama Pazi alikuwa anapasha maji moto na kuyasogeza. Bibi alikuwa amelala amefunikwa kanga, mdogo kuliko alivyokuwa juzi.

Maftaha alifunga mlango wa pazia, yaani alivuta shuka. Akavuta pumzi. Harufu ya udi, maji ya moto, karafuu maiti. Harufu ya siku ile ile.

Msalimie kwanza.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Ni mimi, Maftaha. Nimekuja kukuogesha. Nikikuumiza unisamehe."

Mama Nurdin alimtupia jicho, kopo la maji mkononi.

Akaanza. Akakunja kitambaa mkononi. Akamwinua bibi mabega kidogo, akamwegemeza kwenye goti lake. Mikono ilitetemeka lakini ilikuwa inakumbuka. Hapa shika. Hapa usifunue. Kwa muda mfupi akadhani labda itawezekana, kisha akafika tumboni, na mkono ukasimama wenyewe.

"Vipi?" Mama Nurdin aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Mwaga."

Akaweka kiganja. Bismillahi. Akabonyeza polepole, akielekea chini, macho ameyafumba kama mtoto anayesubiri sindano.

Aaah.

Ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Na mwili wote wa Maftaha ukataka mlango. Miguu ilikwisha geuka, kweli kabisa, kisigino kilikwisha inuka. Lakini kelele iliyopasuka pale haikuwa yake.

"Mama!" Mama Nurdin alipiga ukelele, na kopo likaruka likagonga ndoo. "Mama kapumua! Ma..."

Alikuwa anageuka. Alikuwa amekwisha shika shuka la pazia, uso wake umefunguka kwa furaha ya kutisha, na Maftaha aliufahamu uso ule. Alikwisha uona kwa Mzee Mudathiri. Akamlaza bibi, akaruka, akamdaka Mama Nurdin kiunoni kwa mikono yake miwili yenye povu, akamziba mdomo kwa bega lake.

"Mama, hapana. Mama, nisikilize. Hapana."

"Kapumua! Umesikia! Niachie!"

"Nimesikia. Ni pumzi iliyobaki kifuani. Si yeye, mama. Si yeye."

"Unajuaje?"

Swali hilo ndilo lililomwingia Maftaha mpaka kwenye mifupa. Unajuaje? Mara ile alikuwa na uhakika kwamba yule yu hai, akakosea. Leo ana uhakika kwamba huyu amekufa. Na kama amekosea tena? Kama kuna mtu katika dunia hii asiyejua mzima na mfu, si ndiye yeye? Wako wawili tu humu ndani, na mmoja anamwomba mwingine, kwa macho, aseme neno moja la uongo.

Hakumwachia Mama Nurdin. Alimvuta mpaka kitandani, akaweka sikio lake juu ya kifua cha bibi, akakaa hapo. Akasikia maji yanadondoka shimoni. Akasikia moyo wake mwenyewe unapiga, akausubiri mpaka akautofautisha. Chini yake hakukuwa na kitu. Akagusa taya lililofungwa kitambaa, gumu. Akagusa vidole. Kisha akamwinamisha Mama Nurdin aweke sikio palepale.

"Sikiliza mwenyewe, mama. Usiniamini mimi."

Mama Nurdin alisikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Uso ukafungika taratibu, na Maftaha hakuyakwepa macho, alimtazama mpaka mwisho, maana mara ile alikimbia na hakumsaidia mzee wa watu.

"Amekufa," Mama Nurdin alisema.

"Ndiyo, mama."

Nje kulikuwa kumechafuka. "Kuna nini humo?" Mama Pazi aliuliza kwa sauti ya kualika watu. "Nani kapiga ukelele?" Ndara za Mjomba Shamte zilikuwa zinakuja. Sauti ya Nurdin ikaita, "Maftaha?"

Mama Nurdin akaziba uso kwa viganja. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, mwanamke yule aliyeogopwa na nyumba nzima, na Maftaha aliona kwamba muda mfupi ujao mtu atafunua shuka na kumkuta hivyo.

"Ni mimi!" alisema kwa nguvu. "Kopo limeniponyoka, nikashtuka. Hakuna kitu. Leteni maji."

Kisha mtu akaguna, na mwingine akacheka kile kicheko cha puani. "Yu Hai huyo," Mama Pazi alisema, si kwa ubaya, lakini alisema. "Hajapona."

Maftaha alisikia neno likipita kutoka ua wa nyuma mpaka ukumbini, kutoka ukumbini mpaka kwa wanaume barazani. Alijua linapokwenda. Mpaka jioni lingekuwa limefika kwao, na kabla ya wiki kwisha litafika Mitole, kwa watu wanaosubiri posa. Akaokota kopo akalisuuza, akampa Mama Nurdin.

"Upande wa kulia kwanza, mama. Mimina toka bega mpaka mguu."

Mama Nurdin alilipokea. Akamimina.

Wakafanya kazi. Kulia, kushoto, povu la mkunazi, maji safi, na mwisho maji yenye karafuu maiti. Hofu haikuondoka, asije mtu akakudanganya kwamba huondoka. Ilikaa pembeni kama mgeni asiye na haraka, na mikono ikaendelea bila kumwuliza. Walipofika kwenye nywele, nyeupe na laini, Maftaha alimwachia Mama Nurdin chanuo.

"Msuke wewe. Misuko mitatu."

"Alikuwa hapendi kusukwa," Mama Nurdin alisema. "Alikuwa anasema namvuta."

"Basi usimvute."

Mama Nurdin alisuka, akasimama katikati ya msuko. Aliongea bila kuinua uso. "Mimi naogopa kufa, Maftaha. Toka mdogo. Nikisikia mbiu ya msiba... nikiona jeneza, silali. Na mwanangu akaja kuniambia anataka kukuoa wewe, mwosha. Nikawaza, nitaamka kila asubuhi nikutazame, na nitaiona siku yangu inazunguka ndani ya nyumba na ndoo ya maji. Nikatafuta maneno ya kukukataa. Yakapatikana."

Maftaha alikunja pamba.

"Na mimi naogopa, mama," alisema.

"Nimeona. Mikono yako inatetemeka mpaka sasa."

"Ndiyo."

"Na hukukimbia."

"Nilitaka. Wewe ulinitangulia."

Hapo Mama Nurdin alitoa sauti ya ajabu, nusu kicheko nusu kilio, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, akamaliza msuko.

Bibi alipokwisha vikwa sanda, ameachwa wazi uso tu, jamaa waliitwa kumuaga. Nurdin aliingia wa mwisho. Akainama, akambusu bibi paji la uso, akasema kitu ambacho Maftaha hakukisikia na hakutaka kukisikia. Aliponyanyuka walikuwa wamebaki wao wawili na marehemu, na nyuma ya shuka Mama Nurdin akikusanya ndoo.

"Wanakusema huko nje," Nurdin alinong'ona.

"Najua."

"Maftaha, mimi naijua sauti yako. Ile haikuwa yako."

"Ilikuwa yangu."

"Unanificha."

Aliinua macho akamtazama, na alimpenda wakati huo kiasi cha kuumia, vumbi lake, kanzu yake iliyokunjamana, ukaidi wake. Neno moja tu na angekuwa amejisafisha. "Nakuficha," alisema. "Na nitakuficha mpaka nife. Ukitaka mke asiyekuficha lolote, katafute Mitole."

Nurdin alifungua mdomo. Wanaume wakaingia na jeneza.

Walipokwenda makaburini nyumba ilibaki na wanawake, na maneno. Maftaha alioga, akavaa, akapanga vitambaa ndani ya kikapu, akakaa kwenye kona ya ukumbi karibu na mlango. Hakuna aliyemsogelea. Mama Pazi alikuwa anamsimulia mgeni aliyechelewa, kwa sauti ya chini inayosikika vizuri, habari za kopo.

Wanaume waliporudi na dua ikasomwa, Mama Pazi, ambaye asingeweza kukaa kimya hata msibani kwake mwenyewe, akamkumbusha mfiwa. "Mama Nurdin, mwosha anataka kwenda. Mpe haki yake."

Desturi ni kwamba mwosha haondoki mikono mitupu. Mfiwa humkabidhi doti ya kanga na sabuni mbele ya watu, wanapeana mikono, mwosha anasindikizwa mlangoni na kazi imekwisha. Doti yenyewe ilikuwa pale juu ya mkeka, mpya, bado imekunjwa.

"Huyu simpi," Mama Nurdin alisema.

Maftaha alihisi uso unawaka moto. Kwa hiyo hata hilo amekosa. Hata mwosha aliyefanya vibaya hupewa kanga yake, angalau kwa aibu ya watu. Akashika kikapu, akainuka. Barazani, kati ya wanaume, Nurdin naye alikuwa ameinuka, miguu ina udongo wa kaburini.

"Unakwenda wapi?" Mama Nurdin aliuliza.

"Nyumbani, mama."

"Nani kakwambia uondoke?"

"Si kazi imekwisha, mama."

Mama Nurdin alisimama. Alisimama kwa shida, ameshika ukuta, na kila mtu alisubiri atukane. Aliangalia wanawake mmoja mmoja, akaishia kwa Mama Pazi.

"Aliyepiga ukelele mle ndani ni mimi," alisema.

Mama Pazi akajivuta nyuma.

"Mimi, mtu mzima, mama yangu mzazi kalala mbele yangu. Nilisikia pumzi, nikageuka, nikataka kutoka nje niwaambie yu hai. Mngeingia wote. Kaka yangu angeingia. Huyu binti alinishika. Kisha akajibandika kelele zangu, mkamcheka, naye kanyamaza. Hata mwanangu kamwuliza, kanyamaza. Niliwasikia." Sauti ikamkatika, akaivuta tena. "Kuanzia leo mkitaka kumwita mtu Yu Hai, niiteni mimi kwanza."

"Subhana Allah," Mama Pazi alisema, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza kitu.

"Na doti simpi kwa sababu doti ni ya mwosha, na mwosha ni mtu wa nje. Kaja, kafanya kazi, kalipwa, kaondoka." Mama Nurdin alivuta pua. "Mkwe halipwi kwa kumwogesha bibi yake. Nani amewahi kuona jambo hilo? Shamte, kaka yangu, msiba ukiisha utakwenda Mitole ukawaombe radhi wale watu, kisha upite kwa Sauda. Na wewe, Mama Pazi, hebu sogea. Mpishe akae na wafiwa."

Maftaha hakumtazama Nurdin. Hakuthubutu. Lakini alisikia barazani mtu akikaa chini ghafla, kishindo cha mtu ambaye miguu imemkatalia, na sauti ya Mjomba Shamte ikisema, "Mshikeni huyo, mshikeni."

Akaweka kikapu chini. Akavuka ukumbi, akakaa kwenye mkeka wa wafiwa, na hapo ndipo alipoanza kutetemeka kweli, magoti, meno, kila kitu alichokizuia tangu asubuhi. Akalia kwa sauti, akimlilia bibi, kama wanavyolia wenye msiba wao. Mama Nurdin akamfunika na upande mmoja wa kanga yake, akamvuta karibu, na hakumwambia anyamaze.